Kitongoji cha Konokono

Mashine ya Subilaga ilikuwa na miaka tisa, na kwa kompyuta ya kuchezea gemu huo ni uzee wa kutembelea fimbo. Ikiwashwa ilikohoa kwanza, ikanyamaza kama inayotafuta jina la mtu, ndipo taa yake ya kijani ikawaka. Jumatatu baada ya kazi aliifunga ndani ya khanga, akaipandisha ngazi za soko la Mwanjelwa hadi ghorofa ya tatu, kwa fundi Gwakisa.

Gwakisa aliifungua ubavu, akaimulika kwa taa yake ya kichwani, akatulia kama mtu anayesoma barua ya msiba wa ukoo mwingine.

"Sasa dada," alisema, "nikwambie ukweli, au nikwambie kama mteja?"

"Niambie kama mteja kwanza."

"Inapumua."

"Na ukweli?"

"Inapumua kwa mazoea."

Subilaga alicheka chini chini, mkono mdomoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na bado alicheka kama mtu aliye nyuma ya darasa. Gwakisa akavuta droo, akaweka mezani kadi ya picha mpya, nyembamba kama sahani ya chai.

"Hii nikikuchomekea, Mizani atakupandisha alfajiri hiyo hiyo. Kitongoji chako kitakwenda na saa ya ukutani. Sekunde kule, sekunde hapa. Hakuna atakayekuita Konokono tena."

Jina hilo alilizoea. Ulimwengu wa Bonde, gemu walilocheza, haukukaa katika jengo lolote. Uligawanywa vitongoji elfu arobaini, na kila mchezaji alibeba kimoja ndani ya mashine yake; hubebi, huingii. Kitongoji kilikwenda kwa miguu ya mashine iliyokibeba, na kila aliyeingia humo, hata awe na mashine ya jana, alikwenda kwa miguu hiyo hiyo. Kwenye vitongoji vya mashine mpya mshale uliruka kama mshale. Kwa Subilaga mshale ulionekana ukija, na mwenye adabu aliweza kuupisha. Sekunde moja ya kwake ilikula karibu mbili za ukutani. Watani wa Bonde walikiita Kwa Konokono, wakikizunguka kama watu wanaokwepa tope.

Na mwendo haukuwa wa kujichagulia. Mizani, programu iliyopima mashine zote kila alfajiri, iliipa kila moja kasi ya juu kabisa inayoiweza. Miaka ya mwanzo wapo waliozizubaisha mashine zao makusudi ili wajiokoe vitani. Tangu hapo kujizubaisha kulihesabiwa wizi, na mwizi alitolewa Bonde pamoja na kitongoji chake. Udhaifu wa kweli uliruhusiwa. Wa kujitia, hapana.

"Nyamizi anasubiri jibu?" Gwakisa aliuliza.

"Mpaka Jumamosi saa sita mchana."

Nyamizi alikuwa kapteni wa timu moja ya Tabora. Wiki mbili nyuma alimtumia Subilaga ujumbe wa sauti: amemwona akisoma nyayo msituni, hajaona mtu anayesoma njia namna ile, anamtaka awe wa tano wao kwenye ligi. Sharti ni moja. Ligi huchezwa nyumbani na ugenini, kwa hiyo kitongoji cha kila mchezaji lazima kiende na saa ya ukutani, na kipimo cha mwisho ni Jumamosi hiyo. Tangu shule ya msingi Subilaga alikuwa yule anayebaki amesimama baada ya timu mbili kumaliza kuchaguana. Ujumbe ule aliusikiliza mara kumi na moja.

"Basi shida iko wapi? Fedha ulishaleta, kadi hii hapa, bisibisi ninayo mkononi."

"Kuna watu wanakuja."

"Wanakuja wapi?"

"Kwenye kitongoji changu. Sita. Kila siku saa kumi kamili jioni. Wanavuka daraja la korongoni, wanaanguka, wanarudi kuanza upya."

"Bonde nzima ina madaraja, tena yanayokimbia. Kwako wanafuata nini?"

"Ndiyo najiuliza."

Gwakisa alizima taa ya kichwani. "Wewe huko maabara kazi yako kuhesabu mbegu zilizoota, sivyo? Naona umeanza kuhesabu na wageni. Nakuwekea kadi mpaka Ijumaa. Ila usiwe kama wateja wangu wanaosubiri kadi ya mwakani. Kadi ya mwakani nayo ina mwakani wake."

"Kaka, sasa mtu ajuaje siku ya kubadilisha ni ipi?"

"Siku ukiona wewe ndiye unayeisubiri mashine, badala ya mashine kukusubiri wewe."

Subilaga aliifunga tena ndani ya khanga. Kwa kipimo hicho siku yake ilipita miaka minne iliyopita.

*

Jumanne saa kumi alivaa hedifoni, akaingia kitongojini kwake mwenyewe, akajificha nyuma ya jiwe. Mwenye mji kujificha asionwe na wageni ni jambo la aibu, alijua, lakini kuwatokea watu sita asiowajua na kuwasalimia kulihitaji kifua ambacho hakuwa nacho.

Walikuja kwa mstari, kama wanakwaya. Watano wakashika kamba na kuingia kwenye ukungu wa korongo. Wa sita, mwanamume mwembamba aliyevaa koti la kijivu, alibaki ukingoni. Yeye ndiye aliyekuwa mwita mbao. Daraja lile lilikuwa na safu mia za mbao, kila safu mbao mbili, na kati ya hizo mbili ni moja tu iliyoshika mguu. Ipi, ilitegemea upepo. Walio ndani ya ukungu hawakuuona upepo. Mwita mbao aliusoma kwenye nyasi za ng'ambo, akaita kulia au kushoto. Ubao uliokanyagwa ulidumu sekunde tatu za Bonde. Neno la safu inayofuata likichelewa hapo, wote chini.

Subilaga alidhani kipaza sauti cha yule bwana ni kibovu. Upepo uligeuka, nyasi zikalala, na hakuna kilichosikika. Ubao ukaanza kulia. Halafu, ukiwa umebakiwa na unywele mmoja wa uhai, neno likatoka zima, la chini, bila pupa.

"Kushoto."

Wakakanyaga. Kimya tena. Nyasi. Kimya.

"Kulia."

Alichukua daftari lake la maabara, lile la mbegu, akaandika kwenye ukurasa wa nyuma: Jumanne, safu ya 52. Siku zilizotangulia, kwa kumbukumbu yake, walikuwa wakiishia arobaini na kitu. Walikuwa wanaota, kama mbegu, polepole na kwa ukaidi. Lakini kwa nini hapa? Aliandika dhana zake chini kama alivyofundishwa chuoni. Labda mandhari. Labda wanamkwepa mtu. Labda wanapenda mvua yangu. Mvua ya Kwa Konokono hushuka tone baada ya tone, unaweza kuitazama ikifika. Dhana ya nne hakuipata.

Alichokipata ni aibu. Watu sita wanakuja kwako kila siku, wanapanda kilima chako, na wewe unawapokea kwa mashine inayokohoa. Alilelewa Tukuyu kwa bibi yake, na kwa bibi yake mgeni akionekana tu kule bondeni, ufagio unashikwa kabla ya salamu.

Kwa hiyo Jumatano baada ya kazi alitandika gazeti kwenye sakafu, akafungua boksi. Miaka tisa ya vumbi la Mbeya ilikuwa imelala juu ya feni kama blanketi, na ndani yake mbawa za kumbikumbi na uzi mwekundu wa sweta asiyoikumbuka. Alipiga brashi. Alifuta kwa spiriti. Akakwangua ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya, nyeupe, kiasi cha punje ya mchele. Alipoiwasha haikukohoa. Alikaa akiisikiliza, na moyo wake ukajaa kama wa mtu aliyedeki sebule na kutandika kitambaa cha mezani.

Alhamisi alfajiri Mizani akapima. Sekunde ya Kwa Konokono, iliyokuwa ikila karibu mbili za ukutani, sasa ilikula moja na nusu.

Saa kumi wageni walifika. Wakaanguka kwenye safu ya tisa.

Wakarudi. Wakaanguka kwenye ya kumi na mbili. Subilaga, nyuma ya jiwe lake, aliona upepo ukigeuka, ubao ukilia, ukikatika, watano wakitumbukia ukunguni, na juu ya korongo tupu sauti ya chini ikafika: "Kulia."

Mara ya tatu ilikuwa safu ya sita. Mtu wa koti la kijivu alikaa chini ukingoni na kuiweka mikono juu ya magoti. Wenzake walipanda kutoka korongoni, wakasimama kumzunguka.

Subilaga akatoka mafichoni. Hakukumbuka kuamua kutoka.

"Shikamooni."

Mwanamke mnene aliyejifunga kilemba cha njano aligeuka. "Marahaba. Wewe ndiye mwenye kitongoji?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi naitwa Mwajabu, niko Handeni. Mwanangu, umefanya nini humu ndani?"

"Nimefagia."

"Umefanyaje?"

"Mashine yangu. Ilikuwa na vumbi. Niliona mnakuja kila siku, nikaona si vizuri." Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. "Nikafagia."

Mwajabu alimtazama kwa muda, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Lutengano, umesikia? Tumehangaika tunatafuta mchawi. Kumbe mtoto wa watu kafagia uani kwa ajili yetu."

Mtu wa koti la kijivu aliinua kichwa. Akafungua mdomo, na Subilaga akangoja, na hakikuja kitu. Shingo ilikaza. Mkono mmoja uligonga goti, taratibu.

"Anasema usijali," Mwajabu aliingilia. "Anasema hukujua. Ana kigugumizi, mwanangu, tangu utotoni. Si kile cha kukariri herufi, ni kile cha kufunga mlango. Kwenye vitongoji vingine, akifungua mlango, watu wameshafika kaburini. Tumezunguka Bonde nzima miezi saba. Hapa kwako ndipo mahali pekee ambapo neno lake huwahi."

Hiyo ndiyo dhana ya nne, Subilaga aliwaza, na akauhisi uso wake ukiwaka moto, ingawa huko alikokuwa hakuna aliyeuona.

"Si mngetumia maneno mengine?" aliuliza. "Au filimbi?"

Wakati huu Lutengano aliinua kiganja kumzuia Mwajabu. Ilichukua muda. Alisema kwa vipande, na kila kipande kilitoka kizima.

"Kulia na kushoto... ndiyo mabaya kwangu. Ile K. Nimeyakwepa... maisha yote. Namwelekeza dereva... kwa kidole. Miaka thelathini nakunywa soda... nisiyoipenda. Kwa sababu jina lake... linatoka." Alipumzika. "Hapa sikwepi."

Alikuwa msoma vipimo vya mvua kule Sumbawanga, Mwajabu alieleza, na upepo anaujua kuliko wanaousema redioni. Hao wengine wote mdomo wanao, macho hawana.

Subilaga angeweza kunyamaza. Ila bibi yake alimlea vibaya kwa upande huo: hakujua kukaa na jambo la mtu mwingine kifuani. Akawaambia yote, Nyamizi, ligi, kadi inayomsubiri Mwanjelwa, na kwamba vumbi hata lisingeguswa, mwendo wao ulikuwa wa kufika Jumamosi tu.

Mwajabu akageuka kumtazama Lutengano.

"Badilisha," Lutengano alisema. "Mashine ni yako. Tumefurahi kukaa kwako."

Maneno hayo aliyatoa moja kwa moja, bila kukwama hata mara moja, kama mtu aliyeyakariri tangu siku ya kwanza akijua yatahitajika. Hilo ndilo lililomuuma Subilaga.

*

"Nirudishie vumbi," alimwambia Gwakisa Ijumaa.

Fundi aliweka chini kikombe cha chai. "Rudia."

"Kuna namna ya kuirudisha ilivyokuwa?"

"Miaka kumi na miwili niko hapa. Nimeombwa kadi, nimeombwa feni za kuwaka rangi, kuna jamaa aliomba nimwekee harufu ya waridi. Vumbi sijawahi." Lakini alipomwona hacheki, akavuta kiti. Akamsikiliza mpaka mwisho. "Haiwezekani, Subi. Mizani ameshajua nguvu yako. Leo ukiipunguza kwa mkono wako, huo ni wizi, na kitongoji kinakwenda, na daraja, na huyo mzee wako wa mvua."

"Sitaki kuiba. Nataka kujua mashine nzima huchelewa kwa sababu gani. Ya halali."

"Mzigo," Gwakisa alisema, kama mtu anayetaja rangi ya majani. "Ukiibebesha, inapunguza mwendo. Punda ni punda."

Subilaga akakumbuka kitu. Kwenye ukurasa wa mbele wa Bonde, chini kabisa mahali ambapo hakuna anayefika, kulikuwa na orodha ya vitongoji vilivyoachwa. Wabebaji wake walikufa, walioa, walichoka, walihamia mchezo mwingine. Maelfu, vimekunjwa, vikisubiri mtu wa kujitolea. Hakuna aliyejitolea, maana kila kimoja kilikula kasi yako.

"Nikichukua kimoja katika vile vilivyoachwa?"

"Ni kama mtu yuko safarini anaokota mawe anatia begini."

"Lakini ni halali."

"Ni halali. Ila ukishachukua, huwezi kukitua mpaka msimu uishe. Na ukizidisha, sekunde yako ikila zaidi ya tatu, Mizani anakufungia vyote." Alikuna kidevu. "Na ligi umeifungia mlango mwenyewe, kwa ufunguo, ufunguo umeutupa mtoni. Hii kadi ungeichukua ukachomeka, na mzigo ule ule, bado usingefika saa ya ukutani."

"Najua."

"Hebu nisikilize kama kaka. Yule bwana si mgonjwa wako. Mashine hii itakufa, kwa hiari yako au kwa yake. Ukibadilisha kesho ataumia kesho. Ukibadilisha mwakani ataumia mwakani. Wewe utakuwa umepata nini?"

Swali lilikuwa la haki, na Subilaga aliligeuza huku na huku kwa uaminifu, kama anavyogeuza mbegu chini ya lenzi. Hakuona ufa ndani yake. Gwakisa alikuwa sahihi kwamba hakuna siku nzuri. Lakini yeye alikuwa amekuja Jumatatu akiuliza siku ya kubadilisha ni ipi, na wote wawili walikuwa wamejibu kwa kuitazama mashine.

"Kati ya kesho na mwakani," alisema mwishowe, "kuna safu arobaini na nane."

Gwakisa aliichukua kadi mezani, akairudisha kwenye boksi lake. Hakuifungia droo. "Sijaiuza bado," alisema.

Jioni Subilaga alirekodi ujumbe kwa Nyamizi, akaufuta, akarekodi tena, akaufuta. Wa tatu aliutuma bila kuusikiliza. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. "Nimekuelewa, dada, ila nafasi siwezi kuishika. Wapo wawili wanaoitaka. Mpaka saa sita ya kesho ni yako, baada ya hapo si yako. Fikiria vizuri."

*

Jumamosi saa nne asubuhi alifungua orodha.

Cha kwanza kilikuwa uwanda wa chumvi usio na mti. Skrini ikauliza: Msimu mzima. Una hakika? Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda wa kuweza kuchemsha chai. Aliiwaza sauti ya Nyamizi ikisema hajaona mtu anayesoma njia namna ile. Ilikuwa sauti nzuri. Angependa kuisikia kila jioni, ikimwita kwa jina katikati ya watu wengine wanne. Akabonyeza.

Feni zikaongeza sauti. Mizani alipima papo hapo, kama alivyofanya kila mzigo ulipoongezwa: moja na nukta saba.

Cha pili kilikuwa gulio. Hakuweza kujizuia, aliingia kuangalia. Mtu aliyekiacha alikuwa ametundika nguo kwenye kamba, moja moja, mashati madogo ya watoto wa ulimwengu usio na watoto, na kando ya kisima akaweka benchi lenye nafasi ya watu wawili. Subilaga aliketi hapo kidogo, akijiuliza alikuwa nani, na wa pili alikuwa nani. Mbili na nukta moja. Hapo palikuwa panatosha kuurudisha mwendo wa zamani, na palibaki kidogo.

Lakini mwendo wa zamani ulimfikisha Lutengano safu ya hamsini na mbili, si mia. Cha tatu kingeweza kumpa nafasi, au kingepita tatu na kuwafunga wote. Aliangalia ukubwa wa vilivyobaki, akatafuta kidogo kuliko vyote, akapata kisiwa chenye mti mmoja na nyumba isiyo na mlango. Akabonyeza huku amefumba jicho moja. Mashine ilitokota kama sufuria la maharage.

Mbili na nukta sita.

Saa sita kasoro dakika ishirini walikuwa ukingoni wote sita, maana alikuwa amewatumia neno waje mapema.

"Mwenye nyumba," Mwajabu alisema, akipunga mkono mbele ya uso wake na kuutazama ukipita, "leo hujafagia. Leo umemwaga uji."

"Nimechukua vitongoji vitatu, mama."

"Na timu yako?"

Subilaga aliwaonyesha kamba za daraja kwa kidevu.

Mara ya kwanza walifika safu ya thelathini na moja wakaanguka. Lutengano aligeuka akamtazama Subilaga, na alikuwa anacheka. "Hiyo... nimesoma vibaya," alisema. "Ni macho. Si... mdomo." Aliyatamka hayo kama mtu aliyepewa zawadi. Hakuwahi kupata nafasi ya kukosea kwa macho.

Mara ya pili walipita hamsini na mbili bila mtu kuitaja. Sitini. Sabini na tano. Neno lilikuja, mguu ukafuata, neno, mguu. Ubao ulikuwa ukidumu karibu sekunde nane za ukutani, na ndani ya nane hizo Lutengano alisimama na kinywa wazi, mkono ukigonga paja, bila haraka na bila aibu, akingoja neno lake kama mtu angojaye mtoto avae viatu. Simu ya Subilaga iliwaka mezani. Saa sita na dakika mbili. Hakuitazama.

Safu ya tisini na saba upepo uligeuka mara mbili. Nyasi zililala huku, zikainuka, zikalala kule. Ubao ukaanza kulia. Sekunde ya tatu, ya nne, ya tano. Shingo ya Lutengano ilikaza kama kamba ya daraja. Ya sita. Subilaga alijikuta ameziba mdomo wake kwa mikono miwili, asije akalisema yeye. Ya saba.

"Kushoto."

Ubao ulikatika nyuma ya kisigino cha mtu wa mwisho. Kulia. Kulia tena. Kisha kutoka ng'ambo, ndani ya ukungu, ikasikika sauti ya Mwajabu akipiga kigelegele, kilichonyooka na kunyooka kwa kadiri ya pumzi zake.

Subilaga akachukua simu. Nyamizi alikuwa ameandika mstari mmoja: nafasi imejazwa, kila la heri. Aliusoma mara mbili. Uliuma mahali pale pale alipotarajia, na hakujidanganya kwamba haujauma. Akaweka simu kifudifudi.

Alipoinua macho, Lutengano alikuwa bado kando yake ukingoni. Daraja lilikuwa limejijenga upya, safu mia, mbao mbili mbili. Watano walikuwa ng'ambo, ndani ya ukungu wasioweza kuona kitu. Ndipo wote wawili wakaelewa kwa pamoja jambo ambalo miezi saba hakuna aliyelifikiria, maana hakuna aliyefika mbali kiasi cha kulihitaji. Mwita mbao naye lazima avuke, na hawezi kujiitia mwenyewe.

Lutengano alimtazama. Akafungua mdomo, na mlango ukajifunga. Hapakuwa na Mwajabu wa kumalizia. Subilaga alisimama akangoja, na kungoja huko hakukumchosha.

"Unasoma... nyayo," alisema Lutengano. "Soma na... nyasi."

"Sijawahi kuita watu," Subilaga alisema. "Sauti yangu haifiki mbali."

"Mimi niko... karibu."

Akamgeuzia mgongo, akashika kamba kwa mikono yote miwili, akashuka kwenye ukungu mpaka likabaki koti tu, doa la kijivu. Akasimama hapo kwenye ukingo wa mbao, asione chochote.

Subilaga akageukia nyasi. Ng'ambo watu watano walikuwa wakisikiliza, na upepo ukapita juu ya korongo, ukazilaza nyasi moja moja, ukionyesha kila kitu kwa yeyote mwenye subira ya kuangalia. Akaangalia mpaka akawa na hakika.

"Kulia," aliita.

Akaliona doa la kijivu likienda kulia.